Mwana Akienda Ng'ambo, Nani Atamtibu?

Mwezi huu tuzungumzie jambo ambalo zamani halikuwa la familia nyingi za hapa Dodoma, lakini siku hizi limeingia hata vijijini. Vijana wetu wanasafiri. Wapo wanaokwenda Oman na nchi nyingine za Ghuba kufanya kazi za ndani. Wapo wanaokwenda India, Uingereza, Ujerumani na Marekani kusoma. Wapo pia wauguzi wanaokwenda kufanya kazi huko huko. Sisi tuliobaki tunawafanyia sherehe ya kuwaaga, tunawanunulia sanduku, tunawachangia nauli. Swali moja hatuliulizi: akiugua huko, nani atamtibu, na nani atalipa?

Jioni moja mama mmoja wa hapa Makole alinifuata akiwa ameshika simu mkononi. "Sista, naomba unisikilizie hii." Ilikuwa sauti ya binti yake aliyekuwa akifanya kazi za ndani katika nchi moja ya Ghuba. Alisema tumbo lilianza kumuuma juzi karibu na kitovu, kisha maumivu yakahamia chini upande wa kulia. Ametapika, ana homa, na akitembea maumivu yanazidi. Mwenye nyumba alikuwa hajamwambia. Wakala aliyempeleka alimwambia kwamba akiugua gharama zote zitakatwa katika mshahara wake, naye alikuwa bado na deni la nauli.

Muuguzi yeyote akisikia maneno hayo hufikiria kidole tumbo. Kikipasuka, usaha humwagika tumboni na mtu anaweza kufa. Nikamwambia, "Mama, mpigie sasa hivi. Mwambie amweleze mwenye nyumba usiku huu huu, asingoje asubuhi." Kisha nikamwuliza mkataba wa binti unasema nini juu ya matibabu. Hakuwa na nakala. Hakujua jina la mwajiri, wala mtaa, wala mji. Alikuwa na namba moja tu ya simu.

Namshukuru Mungu binti yule alisema, akapelekwa hospitali, akapasuliwa na akapona. Baadaye alipotuma picha ya mkataba, ulisema wazi kwamba matibabu ni juu ya mwajiri. Alikuwa ameteseka siku mbili kwa kuogopa deni ambalo halikuwa lake. Somo letu la leo linatokana na siku mbili hizo.

Bima ni nini hasa?

Wengi wetu tuko katika vyama vya kuzikana. Kila mwezi tunatoa mchango. Mwaka mzima unaweza kupita bila msiba nyumbani kwako, wala hudai fedha zako. Lakini siku msiba ukikufika, chama kinakuja na sanda, jeneza na chakula cha waombolezaji. Bima ya afya ni hivyo hivyo, ila inamsaidia mtu angali hai. Wengi wanachangia, na yule aliyeugua anatibiwa kwa michango ya wote. Wanaosema kwamba kulipia ugonjwa kabla haujaja ni kujitabiria mabaya, wajiulize mbona wanatoa mchango wa kuzikana.

Hapa kwetu Mfuko wa Afya ya Jamii ulianza kwa majaribio Igunga mwaka 1996. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, yaani NHIF, uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha, papa hapa Dodoma, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Hayo ni mema, lakini tukumbuke kwamba bima ya nchi moja kwa kawaida huishia mpakani. Kadi inayokutibu Dodoma haitamsaidia mwanao mjini Muscat wala London.

Nchi nyingi zinataka mgeni aje na mpango wake wa matibabu. Hata sisi tunafanya hivyo: tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mgeni kutoka nchi za nje anayeingia Zanzibar hulipa dola 44 za bima ya safari. Tusione ajabu basi mwanetu anapodaiwa bima kwa wenzetu.

Bima ya safari na bima ya mkazi

Hapa watu wengi hukosea. Bima ya safari ni ya muda mfupi, nayo hutibu dharura: umeanguka, umevunjika, umepata malaria kali njiani. Kwa kawaida haitibu kisukari ulichoondoka nacho nyumbani, wala kliniki ya mama mjamzito. Mathalani, anayeomba viza ya muda mfupi ya nchi za Ulaya zilizo katika mkataba wa Schengen hutakiwa kuwa na bima isiyopungua euro 30,000, inayogharimia dharura na kumrudisha mgonjwa kwao, au mwili wake akifariki. Hiyo inamfaa mtu wa wiki chache. Anayekwenda kuishi miaka miwili au mitatu anahitaji bima ya mkazi, na mara nyingi hiyo hupatikana kwa mwajiri, kwa chuo, au kwa serikali ya nchi ile.

Ukipewa karatasi ya bima, tafuta mambo manne kabla ya kutia sahihi.

Kwanza, sehemu unayolipa mwenyewe. Bima nyingi hazilipi zote. Tuseme imeandikwa kwamba wewe utalipa dola 500 za mwanzo kila mwaka, na baada ya hapo asilimia 20 ya gharama. Hospitali ikakudai dola 3,000. Utalipa 500 za mwanzo. Zinabaki 2,500, na asilimia 20 yake ni 500 nyingine. Jumla yako ni dola 1,000, na bima italipa 2,000. Kijana asiyejua hesabu hii hudhani "nina bima" maana yake ni "natibiwa bure", kisha hushtuka bili ikija.

Pili, magonjwa ya kabla. Kama una pumu, presha, kisukari au selimundu, uliza kama bima inayatibu, na kama kuna miezi ya kungoja kwanza. Usiyafiche unapojaza fomu. Wakija kugundua wanaweza kukataa kulipa.

Tatu, orodha ya hospitali. Bima nyingi zina hospitali walizopatana nazo. Ukienda kwingine bila kuwa na dharura, unaweza kulipa zaidi au kulipa yote.

Nne, ruhusa ya kwanza. Kwa upasuaji au vipimo vikubwa ambavyo si vya dharura, bima nyingi hutaka kuulizwa kabla. Usikubali kulazwa kabla ya kumwuliza karani, "Je, bima imekwisha kuidhinisha?"

Nchi za Ghuba

Anayekwenda kufanya kazi Oman, Saudia, Falme za Kiarabu, Kuwait, Qatar au Bahrain hupimwa afya kwanza hapa nchini, katika vituo vilivyokubaliwa na nchi hizo, na akifika hupimwa tena. Hupimwa kifua kikuu kwa picha ya kifua, virusi vya UKIMWI, homa ya ini, kaswende na mengineyo, na wanawake hupimwa ujauzito. Lazima niseme ukweli bila kumdharau mtu: nchi hizo humkatalia kibali cha kazi mtu mwenye virusi vya UKIMWI, na akigundulika akiwa huko hurudishwa. Kwa hiyo pima kwanza hapa nyumbani, kabla ya kuuza ng'ombe au kukopa nauli. Ukikutwa navyo, dawa zipo, ni za bure, na ukizitumia vizuri utaishi na kulea wanao. Ni afadhali kuambiwa na mshauri wa hapa kwa utulivu kuliko kuambiwa na wakala aliyekasirika.

Juu ya nani analipa, sheria zinatofautiana. Katika Falme za Kiarabu, tangu tarehe 1 Januari 2025 mwajiri katika kila falme anapaswa kumkatia mfanyakazi wake bima ya afya, pamoja na mfanyakazi wa ndani, ndipo kibali cha ukaazi kitolewe. Saudia ilianza Julai 2024 kuwadai bima waajiri wenye wafanyakazi wa ndani zaidi ya wanne. Oman, kanuni za mwaka 2004 juu ya wafanyakazi wa ndani zilimtaka mwajiri ampe mfanyakazi chakula, malazi na matibabu. Hospitali za serikali ya Oman zimewekwa hasa kwa ajili ya raia, na mgeni mara nyingi hulipa au hupelekwa zahanati ya binafsi. Ndiyo maana mstari wa matibabu katika mkataba ni wa lazima, tena uandikwe waziwazi: "Mwajiri atalipa matibabu yote, wala hatakata mshahara."

Tusijifiche pia kwamba sheria na vitendo ni vitu viwili. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa juu ya wanawake wa Kitanzania waliofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu. Wengi walieleza kunyang'anywa pasipoti, kufanyishwa kazi saa nyingi bila kupumzika na kudhulumiwa mshahara. Mtu asiyelala hawezi kuwa na afya. Kwa hiyo anayekwenda apitie kwa wakala aliyesajiliwa, aulize katika ofisi ya serikali inayoshughulikia huduma za ajira, na awe na namba ya ubalozi wetu wa Muscat au wa nchi anayokwenda. Namba hiyo aiandike pia kwenye karatasi, maana simu huweza kuchukuliwa.

Lugha isimtishe sana. Kule Muscat wako Waomani wengi wanaosema Kiswahili, kwa sababu wazee wao waliishi Zanzibar na bara. Hata pasipo hao, maneno mengi ya hospitalini tuliyarithi kutoka Kiarabu. Akisema "tabibu", "dawa", "damu", ataeleweka. Homa kwao ni "humma", mgonjwa ni "maridh", hospitali ni "mustashfa". Namba ya dharura Oman ni 9999. Gari la wagonjwa katika Falme za Kiarabu ni 998, na Saudia ni 997.

Uingereza, Ujerumani na Marekani

Uingereza ina huduma ya afya ya taifa, NHS, tangu tarehe 5 Julai 1948. Mgeni anayeomba viza ya zaidi ya miezi 6 hulipa ada ya afya pamoja na viza. Tangu Februari 2024 ada hiyo ni pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima, na pauni 776 kwa mwanafunzi. Hulipwa yote kwa mara moja, hivyo mwanafunzi wa miaka 3 anahitaji zaidi ya pauni 2,300 kabla hajapanda ndege. Muuguzi mwenye viza ya wafanyakazi wa afya amesamehewa. Anayetoka Tanzania hupimwa pia kifua kikuu kabla ya kupewa viza hiyo.

Wengi wakishalipa hukaa kimya hadi waugue. Sivyo. Wiki ya kwanza ajiandikishe kwa daktari wa mtaa anaoishi. Kwao mgonjwa haanzii hospitali kubwa, huanzia kwa daktari huyo, kama sisi tunavyotakiwa kuanzia zahanati au Kituo cha Afya Makole kabla ya kupelekwa hospitali ya rufaa. Kuonwa katika idara ya dharura ni bure kwa kila mtu, na matibabu ya kifua kikuu na ya virusi vya UKIMWI pia ni bure bila kujali viza. Meno na miwani hulipiwa. Mgonjwa asiyejua Kiingereza vizuri aombe mkalimani, halipi. Ushauri hupatikana kwa namba 111, na dharura ni 999.

Ujerumani ina bima ya ugonjwa ya lazima tangu mwaka 1883, enzi za Bismarck. Hakuna kuishi kule bila bima. Mwanafunzi hawezi kuandikishwa chuoni bila kuthibitisha kwamba anayo, na kijana anayekwenda kulea watoto katika familia hukatiwa bima na familia hiyo. Dharura ni 112.

Marekani ni tofauti. Hakuna mfuko mmoja wa wote, na bili za hospitali ni kubwa sana. Mwanafunzi kwa kawaida hununua bima ya chuo, naye aisome kwa mambo yale manne niliyoyataja. Hata hivyo ipo sheria ya mwaka 1986 inayoziagiza hospitali zenye idara ya dharura kumpima kila anayefika na kumtuliza hali yake kabla ya kuuliza fedha. Bili itakuja baadaye, lakini mtu asifie nyumbani kwa kuogopa bili. Akishapona aombe bili yenye mchanganuo, na aulize kama hospitali ina msaada kwa wasio na uwezo. Nyingi zinao. Dharura ni 911.

Kabla ya kuondoka

Miezi miwili kabla ya safari, mpeleke mwanao kituo cha afya. Apimwe presha, sukari, damu, macho na meno. Jino linalong'olewa hapa kwa fedha kidogo, huko huweza kula mshahara wa mwezi. Apate chanjo ya homa ya ini aina ya B. Chanjo ya homa ya manjano ichanjwe siku 10 kabla ya safari au zaidi. Cheti chake tangu mwaka 2016 ni cha maisha yote, kitunzwe.

Mwenye ugonjwa wa kudumu aombe barua ya daktari kwa Kiingereza, yenye jina la ugonjwa, jina halisi la dawa na kipimo chake. Anayetumia ARV aombe CTC barua ya uhamisho na dawa za miezi kadhaa. Insulini ibebwe katika mfuko wa mkononi, isiwekwe kwenye mzigo wa ndege.

Dawa zibaki katika pakiti zake. Nchi za Ghuba ni kali mno juu ya dawa kama tramadoli, kodeini na daizepamu, na mtu aliyepewa kwa haki hapa anaweza kukamatwa kule kama hana cheti cha daktari, na pengine kibali cha kabla. Mirungi na bangi, usiseme. Dawa za kienyeji za unga zisizo na jina ziachwe nyumbani, na asikubali kubebeshwa mfuko wa mtu mwingine.

Akiugua huko

Mfundisheni dalili zisizongoja: homa kali na shingo kukakamaa, kifua kubana, kupumua kwa shida, tumbo kuuma upande wa kulia chini, kutokwa damu nyingi, degedege. Akiziona aseme siku hiyo hiyo. Akitoka nyumbani na kupata homa katika mwezi wa kwanza au miezi michache ya mwanzo, amwambie daktari, "Nimetoka Tanzania, nipimeni malaria." Madaktari wa kule huona malaria kwa nadra na wanaweza kudhani ni mafua, na malaria ikicheleweshwa huua.

Joto la Ghuba nalo si kama la Dodoma. Anywe maji mara kwa mara, maana figo huumia. Na upweke ni ugonjwa pia. Mtoto aliyekuwa mcheshi akianza kujibu kwa neno moja, halali, hali, anasema hana faida, msimwambie "vumilia, kazi ni kazi". Mwulizeni taratibu, na mtafuteni mtu wa karibu naye.

Bahasha ya nyumbani

Kabla hajaondoka, mzazi abaki na bahasha yenye nakala ya pasipoti na viza, mkataba, kadi ya bima na namba yake, jina kamili na anwani ya mwajiri au chuo, namba ya ubalozi, kundi la damu, na orodha ya magonjwa na dawa. Ulizeni pia, ingawa ni vigumu kutamka, nani atagharimia kumrudisha akiwa mahututi au akifariki. Nimeona ukoo ukichangishana kwa wiki kadhaa kwa ajili ya kusafirisha mwili, huku mstari mmoja wa bima ungetosha. Mkubaliane pia neno moja la siri ambalo akilitamka kwenye simu mtajua kwamba yuko hatarini na hawezi kusema.

Mama yule wa Makole sasa anayo bahasha. Ipo kabatini, chini ya vitenge. Mdogo wake binti anajiandaa kwenda kusoma India, na wiki iliyopita mama alinijia tena na karatasi ya bima. "Sista, hapa pameandikwa nilipe kwanza shilingi ngapi?" Tukakaa chini, tukapiga hesabu pamoja. Nawe mzazi uliza. Kuuliza si ujinga, na sisi wauguzi hatuchoki kuulizwa.

Maswali ya kujadiliana nyumbani au katika jumuiya

1. Katika jumuiya yetu nani ana mtoto ng'ambo? Je, anajua jina na anwani ya mwajiri au chuo chake?
2. Bima ya safari inatofautianaje na bima ya mkazi?
3. Bima inasema ulipe dola 200 za mwanzo, kisha asilimia 10. Bili ni dola 1,200. Utalipa kiasi gani? (Jibu: dola 300.)
4. Ni dalili zipi ambazo mgonjwa hapaswi kungoja asubuhi?